Kikuku cha Barbara Stanwyck

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana nimenogewa na picha za zamani za Hollywood, zile nyeusi na nyeupe, na Barbara Stanwyck nampenda kupita kiasi. Nimejaribu kuandika juu yake kwa Kiswahili, na maandishi yenyewe nimekutumia. Nikimaliza nasoma, naona nusu ni hadithi ya filamu na nusu ni wasifu niliounyofoa mtandaoni. Kaka yangu kasoma akaniambia, "Sasa hapo wewe umeongeza nini?" Nifanyeje ili maandishi yawe yangu? Na je, si aibu mtu mweusi kushabikia picha ambazo mtu mweusi humo ni mpishi au mbeba mizigo?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kaka yako kakuuma, lakini hajakosea. Nami nikuulize swali langu. Katika Double Indemnity, ile ya 1944 iliyoongozwa na Billy Wilder, Stanwyck anaposhuka ngazi kumfuata wakala wa bima anayemsubiri sebuleni, kamera inaangalia nini?

Inaangalia mguu. Uso tumeshauona, alipotokea juu ya ngazi kajifunga taulo. Sasa kavaa, anashuka, na kamera imeinama hadi kwenye kifundo cha mguu, na pale pana kikuku. Wakala, Walter Neff, hakitoi machoni. Dakika chache baadaye anamuuliza kimeandikwa nini.

Nimesoma waandishi wa Kiingereza wakitumia aya nzima kufafanua kwa nini kile kidude kina uzito. Wewe huhitaji aya. Mwambie shangazi yako kwamba kuna mke wa mtu kampokea mgeni wa kiume, mume hayupo nyumbani, na mwanamke mwenyewe kavaa kikuku. Halafu nyamaza umtazame usoni. Atakuwa keshajua picha linakwenda wapi, na huenda akakutajia na jirani. Katika Kiswahili neno lile linakuja na kesi yake, mashahidi na hukumu. Ulipolikuta, ukaliandika "mkufu wa mguuni" kwa sababu ndivyo ulivyotafsiri kutoka makala ya Kizungu, uliitupa nyongeza yako mwenyewe. Kaka yako alikuwa anaitafuta hiyo.

Tuanze basi na hii tabia ya kusimulia filamu mwanzo hadi mwisho. Sikulaumu, sisi ni watu wa kusimulia picha. Nilipokuwa mtoto Tanga, hela ya tiketi ilitosha mtu mmoja, kaka yetu mkubwa. Alikuwa akirudi anatupanga barazani na kutuonyesha yote, milio ya bastola kwa mdomo, farasi kwa viganja mapajani. Tulikuwa tunaona. Lakini yeye alikuwa anasimulia watu ambao hawataiona ile picha maisha yao yote. Msomaji wako wa leo ana simu mkononi. Akitaka hadithi ataitazama mwenyewe. Mpe mistari mitatu ya kisa, tena mitatu kweli: wakala wa bima na mke wa mteja wanapanga kumuua mume ili ionekane kaanguka kutoka kwenye treni, kwa sababu ajali ya namna hiyo bima inalipa maradufu. Basi. Umemaliza hadithi, sasa una nafasi ya kuandika.

Na uandike nini? Kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Nitakuonyesha kwa picha hiyohiyo kwa kuwa najua unayo.

Pale ofisini kwa Neff yupo Barton Keyes, mkuu wa madai, anaigizwa na Edward G. Robinson. Keyes ni mtu wa sigara nene na hana kibiriti hata siku moja. Anajipapasa koti, anajipapasa suruali, hakuna. Kila mara Neff anatoa njiti, anaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, anamwashia. Mara ya kwanza unaona ni mbwembwe tu. Mara ya pili unatabasamu. Wakati huo Keyes ndiye anayelinusa lile jinai taratibu, hajui kwamba mhalifu ndiye anayemshikia moto. Sasa nenda mwisho. Neff kaanguka mlangoni mwa ofisi, ana risasi mwilini, anajaribu kujiwashia sigara na mikono imemkatalia. Keyes anapiga goti, anaichukua njiti, anaiwasha, anamwashia yeye.

Hakuna anayesema neno "urafiki". Neff anaiba, anaua, anadanganya, na katika picha nzima kitendo chake pekee kisicho na hesabu ndani yake ni kumwashia mzee kiberiti. Ukiandika aya moja juu ya zile njiti, umeandika juu ya picha yote bila kuisimulia. Wilder mwenyewe alilijua hilo. Alikuwa amepiga na mwisho mwingine, Neff akiuawa kwa hewa ya sumu huku Keyes akitazama, kwa gharama kubwa, akaukata. Baada ya ile njiti hapakuwa na la kuongeza.

Kuna na jambo jingine humo ambalo fundi seremala wa mtaani kwenu ataliona kabla ya profesa: mlango wa nyumba ya Neff unafunguka kwa nje, kwenye korido. Nani anajenga mlango wa nyumba hivyo? Umejengwa hivyo ili Stanwyck apate pa kujibanza nyuma yake wakati Keyes anaagana na mwenyeji wake. Ni uongo mtupu na unakushika roho. Kuyaona mambo ya namna hii hakuhitaji shahada. Kunahitaji kutazama mara mbili: ya kwanza kwa raha yako, daftari mbali, na ya pili siku nyingine, sauti umeizima kwa angalau robo saa. Ukiizima sauti macho yanaanza kufanya kazi. Utaona jinsi mwanga unavyopenya kwenye pazia za vipande na kumchora Neff mistari kifuani kama kivuli cha nondo za dirisha, na hajakamatwa bado.

Halafu kuna lile tunalolijua sote tangu kwenye vibanda umiza: stelingi hafi. Mtoto wa miaka saba atakuambia stelingi hafi, hata akipigwa risasi kumi. Picha hizi za uhalifu za miaka ya 1940 zinaanza kwa kuivunja sheria hiyo mbele yako. Neff anaingia ofisini usiku, bega linavuja damu, anakaa kwenye mashine ya kurekodi sauti na kukiri: aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili hakuvipata. Ni dakika za mwanzo kabisa. Sasa utakaa saa moja na nusu ukimtazama mtu ambaye umeshaambiwa mwisho wake. Mtazamaji aliyelelewa na "stelingi hafi" anapokutana na kitu hicho, mwili wake unakataa. Andika juu ya kukataa huko. Mmarekani hana sentensi hiyo.

Nije kwenye wasifu. Umeniambia unaunyofoa mtandaoni. Mambo mengine ya Stanwyck yanajulikana wazi: alizaliwa Brooklyn mwaka 1907 akiitwa Ruby Stevens, mama yake akafa akiwa na miaka minne, baba akatoweka, akalelewa nyumba za watu, akaanza kucheza dansi jukwaani akiwa kigoli. Aliteuliwa kuwania Oscar mara nne, hakushinda hata moja, wakaja kumpa ya heshima mwaka 1982. Vizuri. Lakini ukiziweka taarifa hizo aya ya kwanza, kavu, zinakuwa kama hotuba ya msibani. Zitumie pale zinapofanya kazi. Mtazame anavyohesabu pesa kwenye picha zake, anavyomtazama mwanamume mwenye suti nzuri kabla hajatabasamu, ndipo umkumbushe msomaji kwamba huyu alikuwa yatima.

Tena uwe na shaka. Hollywood ile ilikuwa kiwanda cha kutengeneza watu. Idara za matangazo za studio ziliandika maisha ya mastaa kama zilivyoandika filamu, na magazeti ya mashabiki yakachapa. Mfano ninaoupenda ni Merle Oberon, mwanamke mrembo ajabu, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa picha ya 1935. Dunia iliambiwa kazaliwa Tasmania, kule Australia, karatasi zikaungua. Kumbe kazaliwa Bombay, ana damu ya Asia Kusini, na alikaa na siri hiyo hadi kufa kwake mwaka 1979, kwa kuwa ingejulikana kazi ingekwisha. Sasa fikiria waandishi wote walionakili "Tasmania" kwa miaka arobaini. Ungekuwa mmoja wao. Macho yake kwenye skrini, lakini, hayakudanganya mtu.

Staa hajulikani kwa picha moja. Chukua tatu zake zenye miaka tofauti, uzitazame ndani ya mwezi mmoja. Kwa Stanwyck ningekupa Baby Face ya 1933, The Lady Eve ya 1941, halafu urudi kwenye kikuku. Katika ile ya kwanza anapanda ghorofa za benki kwa kupitia wanaume, bosi mmoja baada ya mwingine, na kamera inapanda ukuta wa nje wa jengo, dirisha hadi dirisha, kutuonyesha kafika wapi. Ukiitafuta, hakikisha ni toleo refu, lile lililogunduliwa mwaka 2004 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Lililotoka zamani lilinyolewa na wadhibiti.

Ya pili ndiyo ninayotaka uiandikie. Stanwyck ni tapeli wa karata ndani ya meli ya abiria. Kwenye chumba cha chakula ameketi kampa mgongo Henry Fonda, kijana tajiri asiyejua lolote, anajifanya kujipaka poda. Kumbe kwenye kioo chake kidogo anamwona Fonda na wasichana wote wanaojipitisha mezani kwake. Anaanza kusimulia: anawawekea maneno midomoni, anatabiri huyu ataangusha leso, yule atajifanya anamfahamu. Sisi tunaona kioo, tunasikia sauti yake. Binti yangu, hiyo ni kazi ya mtafsiri wa picha! Ni yule jamaa wa kibanda umiza anayepiga domo juu ya sinema ya Kichina, anawapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema na ukumbi unaangua kicheko. Fonda anapopita, Stanwyck ananyoosha mguu, kijana anakwenda chini, na mtafsiri kaingia ndani ya picha. Sijawahi kuona mtu akiliandika hilo. Liandike wewe.

Utagundua na jambo lingine: hakai studio moja. Leo yuko Warner, kesho Paramount, keshokutwa anamfanyia kazi mtayarishaji Samuel Goldwyn. Wenzake wengi walifungwa kwa mikataba ya miaka saba. Ukikataa picha waliyokupangia, unasimamishwa bila mshahara na siku za kusimamishwa zinaongezwa kwenye mkataba, kwa hiyo miaka saba haikuwa saba kamwe. Olivia de Havilland ndiye aliyewapeleka Warner mahakamani, na mwaka 1944 mahakama ya California ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Stanwyck alikwepa sehemu kubwa ya mtego huo kwa kujiuza mwenyewe, picha kwa picha. Ukimtazama ukijua hilo, ule utulivu wake mbele ya wanaume wenye meza kubwa unasomeka vingine.

Udhibiti nao uujue walau kwa juu. Kanuni za maadili za filamu za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930, zikaanza kubana kweli katikati ya 1934 chini ya Joseph Breen, mkuu wa ofisi ya udhibiti, zikafa mwaka 1968. Kisa cha Double Indemnity kilipelekwa kwenye studio mwaka 1935 na ofisi ya Breen ikakikataa. Kilikaa miaka minane ndipo kikapita, tena kwa kuambiwa kwa mafumbo. Mapenzi yote yamo kwenye maneno yenye ncha mbili. Mtu wa pwani aliyekulia taarabu na vijembe vya kanga atauonea raha udhibiti huu kuliko mwenye picha anavyodhani.

Sasa swali lako la pili, ambalo naona ndilo lililokunyima usingizi.

Aibu ipo, lakini si yako. Usiiruke unapoandika. Hattie McDaniel, aliyezaliwa Kansas mwaka 1893 na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alipata Oscar Februari 1940 kwa nafasi ya mtumishi katika Gone with the Wind. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Usiku ule wa tuzo aliwekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Miezi miwili kabla, ilipozinduliwa Atlanta, hakuruhusiwa hata kuhudhuria. Alipofariki mwaka 1952 makaburi ya Hollywood aliyoomba kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake. Hayo ni ya nje ya skrini. Ndani ya skrini, tazama anavyomkata jicho Vivien Leigh, staa wa picha hiyo, wakati anamkaza kamba za koseti, lile vazi la kubana kiuno. Ile nafasi iliandikwa ya kumtumikia mtu, na yeye kaigeuza ya kumhukumu. Mimi siipendi ile filamu; inausafisha utumwa kwa sabuni ya manukato. Namtazama yeye. Unaruhusiwa kuipinga picha na kumpenda mtu aliyemo, tena katika aya moja.

Na zipo zilizopigwa kwetu. The African Queen ya 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kamera zilifika Kongo na Uganda. Karibu kila mtu kikosini aliugua tumbo isipokuwa Bogart na mwongozaji John Huston, ambao wanasemekana walikuwa wakinywa wiski badala ya maji. Kisa chenyewe ni cha 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani hapa. Picha inaanza kanisani, wanakijiji wanaimbishwa tenzi kwa kelele isiyo na sura ili mtazamaji wa London acheke. Mtu yeyote aliyewahi kusikia kwaya ya kijijini kwetu anajua kwamba huo ni uzushi. Sisi na sauti nne ni mtu na ndugu yake. Andika hilo bila kupandisha sauti. Kisha mwambie msomaji kuhusu ile meli ya Kijerumani ambayo mashujaa wanaikusudia ziwani. Inaaminika kisa kilitokana na meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Ile ya kwenye filamu inalipuka. Ya kweli Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, wakaiita Liemba, na imebeba abiria na dagaa wa Kigoma kwa miongo na miongo baada ya Bogart kupata Oscar yake. Mhakiki wa Los Angeles hawezi kukushinda hapo.

Au Hatari! ya Howard Hawks, jina lake Kiswahili kitupu, iliyopigwa pande za Arusha na John Wayne na wenzake wakikimbiza vifaru kwa malori, wao wenyewe, bila wa kuwawakilisha. Ilitoka mwaka 1962. Waliipiga Tanganyika ikiwa imebakiza miezi kufikia Uhuru. Itazame na swali moja tu: Waafrika walio ndani ya fremu wanafanya nini mikononi, na wanasema nini kwa lugha yetu ambacho maandishi ya chini hayatafsiri?

La mwisho ni dogo, lakini ndilo linalokwamisha vijana: bando. Si lazima ulipie kila kitu. Filamu nyingi za zamani haki zake zimekwisha Marekani, ama kwa umri ama kwa sababu mwenye nazo alisahau kuzihuisha, na unazipakua bure kwa halali kwenye Internet Archive. His Girl Friday ya 1940 ni mojawapo, dakika 92, ya Hawks huyohuyo wa Hatari!, miaka ishirini na mbili kabla. Tafuta nakala yenye maandishi ya chini maana wanaongea kama wapiga debe wa stendi, huyu hajamaliza yule kashaanza. Kwenye tamthilia iliyoizaa, mwandishi wa habari Hildy alikuwa mwanamume. Hawks akamfanya mwanamke, akampa Rosalind Russell, na ugomvi wa bosi na mfanyakazi ukawa ugomvi wa watalaka.

Itazame wikiendi hii. Karibu na mwisho wanamtishia Cary Grant, anayemwigiza bosi, kwamba safari hii kaisha. Anajibu kwamba mtu wa mwisho kumwambia hivyo alikuwa Archie Leach, wiki moja kabla hajajikata koo. Wanaendelea bila kucheka, na wewe utakuwa karibu kupitwa. Archie Leach ndilo jina alilopewa na mama yake huko Bristol, kabla studio haijamzaa upya. Hapo simamisha, rudisha nyuma, mtazame uso anapolitamka. Aya yako ya kwanza ianzie hapo, na ukimaliza mpe kaka yako asome kabla hujanitumia mimi.